Kusomea Uanasaikolojia wa Shule Marekani: Anza na Leseni, Chuo Kifuate

Mwongozo huu ni wako wewe uliye Marekani tayari, una digrii ya Dar es Salaam, Nairobi, Bujumbura au Bukavu, na unapakia maboksi ghalani au unasaidia darasani huku digrii yenyewe imelala kwenye sanduku la nguo. Kama ulikuwa mwalimu nyumbani, uanasaikolojia wa shule ni mojawapo ya njia za kurudi kwenye elimu ukiwa mtaalamu kamili bila kulazimika kusoma hadi udaktari. Lakini si njia ya mkato. Ni miaka 3 hivi ya masomo baada ya digrii ya kwanza, na mmoja kati ya hiyo utafanya kazi kutwa nzima, pengine kwa posho tu. Kwa hiyo hesabu ije kabla ya hamu.

Kazi yenyewe, na kwa nini ipo

Mwaka 1975 Marekani ilipitisha sheria inayompa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma bure katika shule ya umma, kwa elimu inayomfaa. Tangu 1990 sheria hiyo inaitwa IDEA. Inataja aina 13 za ulemavu. Mtoto haingizwi kwenye elimu maalumu mpaka apimwe kwa kina, na baada ya hapo hali yake hutazamwa upya walau kila baada ya miaka 3. Sehemu kubwa ya upimaji huo humwangukia mwanasaikolojia wa shule. Ndiyo maana ajira hii ni imara kuliko nyingine nyingi za shuleni: mwalimu wa muziki anaweza kupunguzwa bajeti ikibana, lakini upimaji unadaiwa na sheria.

Chama cha taaluma hii, NASP, kilichoanzishwa mwaka 1969, kinapendekeza mwanasaikolojia mmoja kwa wanafunzi 500. Wilaya nyingi za shule hazijakaribia hapo.

Usimchanganye mtaalamu huyu na mshauri wa wanafunzi, yule anayepanga masomo na kusaidia maombi ya chuo. Wala si daktari wa akili, haandiki dawa. Anapima, anaketi na walimu kutafuta namna ya kumtuliza mtoto anayevuruga darasa, anazungumza na mwanafunzi anayetaka kujidhuru, na huitwa shule inapofiwa. Na anaandika ripoti. Hili la ripoti wengi hulijua wakiwa wameshalipa ada: kuna wiki utakaa na kompyuta muda mrefu kuliko utakaokaa na watoto. Kama kuandika Kiingereza kirefu, kilichonyooka, chenye tarehe za mwisho ni mateso kwako, fikiri tena.

> JIPIME KWANZA
> ☐ Nimezungumza ana kwa ana na mwanasaikolojia wa shule anayefanya kazi hiyo sasa.
> ☐ Nimefanya kazi na watoto Marekani, hata kama msaidizi wa darasa au mkufunzi wa baada ya shule.
> ☐ Naweza kumweleza mzazi habari ngumu bila kuzungukazunguka.
> ☐ Familia yangu inajua kuna mwaka mmoja ambao kipato kitashuka.

Hatua ya 1: Soma masharti ya jimbo lako

Kosa la kwanza la waombaji ni kuchagua chuo kwa jina au kwa ukaribu, halafu kuuliza leseni mwishoni. Marekani haina leseni moja ya taifa kwa kazi hii. Kila jimbo lina yake na ofisi yake. California hutoa kibali cha huduma kwa wanafunzi kupitia tume yake ya vibali vya walimu. Huko Texas leseni haitoki kwenye idara ya elimu, bali kwenye baraza la afya ya akili na tabia. New York ina nyongeza ya kibali kwa wanaofanya kazi kwa lugha mbili, jambo la kulitazama wewe mwenye Kiswahili. Kwa hiyo anza mwisho, urudi nyuma:

1. Fungua tovuti ya serikali ya jimbo unalokusudia kuishi. Tafuta masharti ya leseni ya mwanasaikolojia wa shule na uyachape.
2. Pigia mstari mambo matatu: kiwango cha shahada, saa za mafunzo ya kazini, na mtihani unaotakiwa.
3. Tafuta orodha ya programu za vyuo zilizoidhinishwa na jimbo hilo.
4. Angalia zipi kati yake zimeidhinishwa pia na NASP. Aliyehitimu humo hupata kwa urahisi zaidi cheti cha kitaifa, NCSP, ambacho majimbo mengi hukitambua. Ukihama Ohio kwenda Minnesota, cheti hicho kinaweza kukupunguzia karatasi nyingi.

Onyo: zipo shahada zenye majina yanayofanana, kama saikolojia ya elimu au saikolojia ya watoto. Ni nzuri kwa mengine. Nyingi hazikupi leseni ya kufanya kazi hii shuleni, na hakuna atakayekurudishia ada. Muulize mratibu kwa barua pepe, si kwa simu: "Mhitimu wa programu hii anastahili kuomba leseni ya mwanasaikolojia wa shule katika jimbo hili?" Jibu lihifadhi.

Hatua ya 2: Ed.S. au Ph.D.?

Ed.S. ni shahada ya utaalamu iliyo juu ya uzamili wa kawaida lakini chini ya udaktari. Viwango vya NASP vimegawanyika hivi:

> Ngazi ya Ed.S. (au inayolingana nayo): krediti zisizopungua 60 za uzamili, miaka 3 ya kusoma muda wote, utarajali (mafunzo ya kazini) wa saa 1,200, kati yake walau 600 shuleni.
>
> Ngazi ya udaktari (Ph.D., Psy.D., Ed.D.): krediti zisizopungua 90, miaka isiyopungua 4, utarajali wa saa 1,500, kwa kawaida pamoja na tasnifu.

Katika majimbo karibu yote Ed.S. inatosha kabisa kuajiriwa shuleni. Udaktari hukufungulia mlango wa kufundisha chuo kikuu, kufanya utafiti, na, ukitimiza masharti mengine, kufungua ofisi yako kama mwanasaikolojia mwenye leseni nje ya shule. Maoni yangu: mwenye miaka 38, watoto watatu na kodi ya nyumba achukue Ed.S. Ila jambo moja linaweza kubadilisha hesabu. Programu nyingi za Ph.D. humpa mwanafunzi kazi ya usaidizi chuoni, ada ikafutwa na posho ikaingia, na Ed.S. ni nadra kupata hivyo. Kwa hiyo miaka 5 au 6 ya udaktari wenye ufadhili inaweza kukuachia deni dogo kuliko miaka 3 ya Ed.S. ya kujilipia. Piga hesabu zote mbili kwenye karatasi moja.

Hatua ya 3: Karatasi za nyumbani

Hapa ndipo miezi inapopotelea, kwa hiyo anza mwaka mzima kabla.

1. Transkripti. Mashirika ya kutathmini vyeti vya nje, kwa mfano WES, kwa kawaida hutaka chuo chako kitume rekodi moja kwa moja, si wewe. Mwombe ndugu aliye karibu na chuo aende mwenyewe ofisi ya msajili na arudi tena wiki mbili baadaye. Barua pepe pekee haitoshi; unajua mambo yetu.
2. Tathmini ya kozi kwa kozi. Ipo ya bei nafuu inayosema tu "hii ni sawa na digrii". Usinunue hiyo. Vyuo vingi vinataka kuona kila somo na alama yake kwa mizani ya Marekani.
3. Tafsiri. Waliosoma Kongo na Burundi wana rekodi za Kifaransa. Zitahitaji mtafsiri anayekubalika na shirika hilo. Kama ulisoma Kongo kwa mfumo wa zamani, peleka graduat na licence zote mbili. Ukipeleka moja, miaka uliyosoma inahesabiwa pungufu.
4. Mtihani wa Kiingereza. Kama chuo chako kilifundisha kwa Kiingereza, omba msamaha wa TOEFL kabla ya kulipia. Mara nyingi hutolewa, ila hutolewa kwa anayeomba.
5. Masomo yanayokosekana. Programu nyingi hudai uwe umesoma takwimu na saikolojia ya makuzi. Yasome kwenye chuo cha jamii kilicho karibu nawe. Alama nzuri ya Kimarekani kwenye takwimu pia humtuliza msomaji anayetilia shaka transkripti asiyoizoea.

Hatua ya 4: Maombi na usaili

Madirisha mengi hufungwa kati ya Desemba na Machi kwa masomo ya mwezi wa nane. Vyuo vingi vimeachana na mtihani wa GRE. Hakikisha kwa kila kimoja. Barua za mapendekezo huwa tatu. Profesa wako wa 2009 hata jina lako amelisahau. Barua yenye uzito zaidi itatoka kwa mwalimu mkuu au mwalimu wa elimu maalumu wa Marekani aliyekuona ukifanya kazi.

Kwenye maelezo binafsi, waombaji wetu huteleza kwa kuandika historia ya mateso: vita, kambi, ndege, baridi. Kamati itakuhurumia, kisha itampa nafasi aliyeeleza anachokijua kuhusu kazi. Historia yako iweke, lakini aya moja. Nyingine ziseme ulimwona mtoto gani amekwama, ukajiuliza nini, na kwa nini unataka ujuzi huu hasa.

Usaili ni wa pande mbili. Uliza:

- Wahitimu wangapi wa mwaka jana walifaulu Praxis, mtihani wa taaluma hii, mara ya kwanza?
- Watarajali wenu walipangwa wilaya zipi, na walilipwa?
- Vipindi ni jioni au mchana? Mafunzo ya vitendo huanza mwaka wa ngapi?
- Ni wangapi huanza na ni wangapi humaliza?

Programu nzuri ina majibu haya mkononi. Ukiona mratibu anababaika kwenye swali la utarajali, jihadhari.

Utakachofundishwa, na pale Kiswahili kinapoingia

Mwaka wa kwanza una takwimu, sheria, makuzi ya mtoto na namna ya kutazama darasa bila kuhukumu. Kisha vipimo. Utajifunza, kwa mfano, WISC-V, kipimo cha Wechsler cha watoto wa miaka 6 hadi 16, ambacho wastani wake ni 100. Kwa nje kinaonekana rahisi: mkoba, kitabu cha maelekezo, vibao vyekundu na vyeupe, saa ya kuhesabia sekunde. Lakini maelekezo husomwa neno kwa neno. Huongezi, hupunguzi, na hata uso wako hautakiwi kuonyesha kama jibu ni sahihi. Walimu wazoefu ndio hupata tabu zaidi hapa, kwa sababu mdomo unawawasha kumsaidia mtoto. Utarekodiwa kwa video, na msimamizi atakuonyesha sekunde uliyotikisa kichwa.

Sasa tuseme mwalimu wa darasa la 4 anakuletea mvulana wa miaka 10. Hasomi, hakumbuki, anatazama dirishani. Jalada linasema: lugha ya nyumbani, Kiswahili. Kabla ya kufungua mkoba, kaa na mama yake. Anakwambia walitoka kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ambako shule za Wakongo hufuata mtaala wa Kongo kwa Kifaransa. Kumbe mtoto alianza herufi kwa Kifaransa, alicheza kwa Kiswahili cha Kivu, bibi humsemesha Kibembe, na miaka 2 iliyopita akatumbukizwa kwenye Kiingereza. Hakuna lugha hata moja aliyofundishwa kusoma mpaka mwisho.

IDEA inakataza kumhesabu mtoto kuwa na ulemavu ikiwa sababu kuu ni kukosa mafundisho yanayofaa ya kusoma au hesabu, au Kiingereza kichache. Kwa hiyo swali lako ni gumu: ni lugha, ni shule alizokosa, au kuna tatizo la kweli chini yake? Muulize mama maswali ambayo hakuna kipimo kinachoyauliza. Alianza kusema lini? Ukimtuma dukani vitu vitatu, anarudi na vingapi? Wadogo zake waliopanda naye ndege ileile wanasomaje? Kama mdogo wake wa miaka 8 anasoma vizuri na yeye hawezi, lugha peke yake haielezi jambo hilo. Kosa la upande wa pili nalo lipo, na ni baya vilevile: shule huahirisha mwaka baada ya mwaka ikisema "ni lugha tu", na mtoto mwenye tatizo halisi anafika darasa la 7 bila msaada.

Utashawishika kumtafsiria mtoto kipimo papo hapo. Usifanye hivyo kisha ukaandika alama kana kwamba hakikutafsiriwa. Alama za WISC-V za Marekani zilipangwa kwa watoto waliopimwa kwa Kiingereza. Ukibadili lugha, umebadili kipimo, na ripoti lazima iseme hivyo. Vipo vipimo visivyotegemea maneno, kama Leiter-3 na UNIT-2. Vinasaidia. Lakini mtoto ambaye hajawahi kukaa mezani na mgeni anayemhesabia sekunde bado atashangaa.

Tahadhari hii ina historia. Mwaka 1979, katika kesi ya Larry P. dhidi ya Riles, jaji wa mahakama ya shirikisho huko California aliamua kwamba vipimo vya akili vilivyotumika kuwaweka watoto weusi kwenye madarasa ya "wenye akili pungufu" vilikuwa vya kibaguzi. Utaisoma kesi hiyo darasani. Isome kwa makini kuliko wenzako.

> KUJUA KISWAHILI SI CHETI
> - Wilaya inaweza kukutumia kama mkalimani wa bure. Kubali kazi iliyo ndani ya majukumu yako. Nyingine iwe na malipo.
> - "Mkongo" si lazima awe msemaji wa Kiswahili. Uliza familia, usidhani.
> - Usimruhusu mtoto amtafsirie mzazi kwenye kikao cha IEP (mpango wa elimu wa mtoto mmoja mmoja), hata kama kila mtu ana haraka.
> - Mtoto wa jirani yako au wa kanisani kwenu apimwe na mwingine. Jamii yetu ni ndogo, na siri ikitoka hairudi.

Mwaka wa utarajali: hapa ndipo fedha huisha

Saa 1,200 ni karibu mwaka mzima wa shule, kutwa. Unapaswa kuwa na msimamizi mwenye leseni shuleni hapo, na viwango vya NASP vinataka wastani wa saa 2 za usimamizi kwa wiki. Baadhi ya wilaya hulipa watarajali vizuri kwa sababu zinawataka wabaki. Nyingine hutoa posho, nyingine hazitoi kitu. Zamu ya usiku ghalani pamoja na utarajali ni njia ya kuandika ripoti mbovu.

Panga hivi:

1. Anza kutafuta nafasi majira ya vuli ya mwaka unaotangulia, na uliza malipo kabla ya kusaini.
2. Jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, kila mwaka. Wenye green card, wakimbizi na waliopewa hifadhi wanastahili.
3. Jua ukomo wa mikopo. Kuanzia Julai 1, 2026 wakopaji wapya hawapati tena mkopo wa Grad PLUS. Mkopo wa kawaida wa serikali kuu kwa wanafunzi wa uzamili ni dola 20,500 kwa mwaka, na 100,000 kwa jumla.
4. Ukiajiriwa shule ya umma, mpango wa PSLF hufuta salio la mikopo ya serikali kuu baada ya malipo 120 yanayostahili. Tuma fomu ya kuthibitisha mwajiri kila mwaka, usingoje mwaka wa 10.

Kama uko kwa viza ya F-1: utarajali wenye malipo utahitaji kibali cha CPT (cha mafunzo ya kazi yaliyo sehemu ya masomo) kutoka ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Ukitumia CPT ya kutwa kwa miezi 12 au zaidi, unapoteza haki ya OPT (ruhusa ya kufanya kazi baada ya kuhitimu) katika ngazi hiyo. Utarajali wa miezi 10 ni salama; ukiongezewa miezi ya kiangazi bila kuhesabu, umejifungia mlango.

Mtihani na cheti

Mtihani ni Praxis namba 5403. Alama inayotakiwa kwa NCSP ni 155. Jimbo lako linaweza kuwa na masharti yake. Wengi huufanya kabla au wakati wa utarajali. Ukipata NCSP, utaihuisha kila miaka 3 kwa saa 75 za kujiendeleza.

Ukikataliwa

Madarasa haya ni madogo, na kukataliwa mara ya kwanza ni jambo la kawaida. Mwandikie mratibu kwa heshima umwulize ni kipi kilichopungua; wengine hujibu. Kikiwa ni takwimu, kasome. Kikiwa ni uzoefu, omba kazi ya msaidizi katika darasa la elimu maalumu, ambamo utavikuta pia vikao vya IEP. Uliza pia kama unaweza kusoma kozi moja au mbili kama mwanafunzi asiyesajiliwa kwenye shahada, na ni krediti ngapi kati ya hizo zitakubaliwa ukiingia. Tathmini ya vyeti uliyokwisha kulipia iko kwenye mfumo wa shirika lililoitoa. Mwaka unaofuata utalipia tu itumwe kwenye chuo kingine.